Uraia wa Uingereza: anza na kalenda, fomu ije mwisho

Watu wakinipigia simu kuhusu uraia wa Uingereza, swali la kwanza huwa ni fomu: inaitwaje, iko wapi, inajazwaje. Nami huwauliza langu kabla sijajibu: makazi ya kudumu ulipata lini, na tangu uingie nchini umesafiri lini na lini? Hapo simu hunyamaza kidogo, halafu nasikia droo ikifunguliwa.

Mimi ni Mkenya wa Mombasa kwa kuzaliwa, na raia wa Uingereza kwa tajnisi, yaani kwa kuomba. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili hapa Birmingham, hospitalini na katika ofisi za halmashauri. Si mwanasheria wala sijazi fomu ya mtu. Kuendesha shughuli ya ushauri wa uhamiaji huku bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na wapo wanaofanya hivyo kwa pesa nyingi nyuma ya maduka ya simu. Mshauri wa kweli ama ni mwanasheria mwenye leseni, ama yuko katika orodha ya Immigration Advice Authority, taasisi ambayo hadi Januari 2025 ilijulikana kwa jina la OISC. Jina lake utalitafuta mwenyewe mtandaoni kabla hujampa hata peni. Lakini mengi ya uraia mtu anaweza kuyatayarisha mwenyewe akiyaelewa, na hayo ndiyo ninayoyaeleza hapa.

Huenda mtoto wako ni raia tayari

Sheria inayotumika ni ya mwaka 1981, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1983. Kabla ya siku hiyo, karibu kila aliyezaliwa Uingereza alikuwa raia, isipokuwa watoto wa mabalozi. Tangu siku hiyo, kuzaliwa hapa peke yake hakutoshi. Siku mtoto anapozaliwa, mzazi mmoja lazima awe raia au awe na makazi ya kudumu.

Nilikaa siku moja mezani na mama mmoja wa Erdington aliyekuwa amekusanya pesa za kumsajili mwanawe wa miaka minne. Alikuwa amekopa kwa dadake na chama cha akina mama pia kilimchangia. Nikamwomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kisha barua ya makazi ya kudumu ya mumewe. Tarehe ya barua ilitangulia ya cheti. Mtoto yule alikuwa raia tangu saa aliyozaliwa, na kilichobaki kilikuwa kumwombea pasipoti tu. Kwa hiyo weka karatasi hizo mbili kando kwa kando kabla ya jambo jingine lolote. Angalizo moja: kama baba na mama hawakuoana na mtoto alizaliwa kabla ya tarehe 1 Julai 2006, uraia wa baba haukumfikia mtoto moja kwa moja. Mtoto huyo, hata kama sasa ni mtu mzima, ana njia yake ya kusajiliwa.

Mtoto akizaliwa hapa kabla mzazi hajapata makazi ya kudumu, yeye si raia, lakini mzazi mmoja akishayapata mtoto ana haki ya kusajiliwa maadamu hajatimiza miaka 18. Fomu yake ni MN1. Ada iliyowekwa 2024 ilikuwa pauni 1,214, na tangu 2022 familia isiyo na uwezo inaweza kuomba isamehewe ada hiyo. Ni ombi kamili lenye karatasi za benki, kodi ya nyumba na matumizi ya kila mwezi. Msione haya kuliomba. Yupo pia mtoto aliyezaliwa hapa na kukaa hapa miaka yake 10 ya kwanza bila kutoka nje zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote. Huyo ana haki yake kwa fomu T, hata kama wazazi hawana karatasi za maana. Barua za shule, kadi ya chanjo na rekodi za daktari wa mtaa ndizo zinazomsemea, basi zitunzeni tangu chekechea.

Wazee huniuliza kama kuzaliwa Kenya ya mkoloni kunawapa kitu. Kwa walio wengi, hapana: Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, waliokuwa raia wa nchi mpya waliuacha ule uraia wa dola ya kikoloni. Lakini aliyezaliwa kabla ya 1983 na mama Mwingereza, ambaye enzi hizo hakuweza kumrithisha mwanawe uraia, na aangalie upya. Sheria ilirekebishwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Miaka mitano na siku 450

Sasa tuje kwako wewe mtu mzima uliyekuja kwa viza. Njia yako ni tajnisi, fomu AN. Uwe na miaka 18 au zaidi, uwe umeishi hapa kihalali miaka 5, na miezi 12 ya mwisho uwe tayari na makazi ya kudumu. Maana yake kwa mtu wa viza ya kazi aliyepata makazi ya kudumu baada ya miaka 5 ni kwamba uraia unakuja mwaka wa sita, si wa tano. Watu wengi wanaulizia mapema kwa sababu hiyo.

Aliyeolewa na raia au kuoa raia anahitaji miaka 3 badala ya 5, na hana ule mwaka wa kusubiri baada ya makazi ya kudumu. Lakini ndoa haikupi uraia. Viza ya mwenza yenyewe kwa kawaida huchukua miaka 5 kufika makazi ya kudumu, hivyo miaka 3 inakuwa imeshapita zamani. Faida ya kweli ni kwamba unaweza kutuma ombi wiki ile ile unapopata makazi ya kudumu.

Katika miaka 5 hiyo usiwe umekaa nje ya Uingereza zaidi ya siku 450, na katika miezi 12 ya mwisho usizidi 90. Kwa njia ya ndoa ni siku 270 katika miaka 3, na zile 90 ziko palepale. Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayoamua maombi haya, wana uwezo wa kusamehe ziada kidogo, lakini mwenye hekima hapangi maisha yake kwa kutegemea huruma ya afisa.

Kuhesabu ndiko kunakowashinda watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Siku ya kuondoka haihesabiwi, na siku ya kurudi haihesabiwi. Zinahesabiwa siku nzima ulizokuwa nje. Tuseme uliondoka Heathrow tarehe 3 Desemba ukarudi tarehe 20 Januari. Unaanza tarehe 4: Desemba inakupa siku 28. Januari unaishia tarehe 19: siku 19. Jumla ni 47. Fanya hivyo kwa kila safari, hata ile ya wikendi ya Paris na ile ya Dublin, maana Ayalandi ni nchi nyingine. Uingereza haigongi muhuri mtu anapotoka, kwa hiyo pasipoti peke yake haitakwambia yote. Muhuri wa Nairobi au wa Dar es Salaam utakusaidia, na pale ulipofutika ingia kwenye barua pepe zako ukaandike jina la shirika la ndege kwenye kisanduku cha kutafutia. Tiketi zote za zamani zitajitokeza. Ziandike kwenye daftari moja, safu tatu: kutoka, kurudi, siku. Daftari langu la namna hiyo nililianza mara tu nilipopata makazi ya kudumu, na siku ya kujaza fomu kazi ilikuwa ni kunakili tu.

Halafu ipo kanuni ambayo imewaangusha watu wazuri kabisa: lazima uwe ulikuwa ndani ya Uingereza siku ile miaka 5 inapoanza kuhesabiwa, ukirudi nyuma kutoka siku ombi linapopokelewa. Kwa njia ya ndoa ni miaka 3 nyuma. Kama siku hiyo ulikuwa Kisumu kwenye mazishi ya shangazi, usitume leo. Subiri mpaka kalenda ivuke ile safari. Mimi huwashauri watu wachague tarehe ambayo, miaka 5 nyuma, walikuwa hapa wiki nzima kabla na wiki nzima baada, ili kusiwe na ubishi wa siku moja.

Na jueni kwamba njia ya kufikia makazi ya kudumu yenyewe inatikiswa. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuufanya muda wa kawaida uwe miaka 10 badala ya 5 kwa njia nyingi, na mrefu zaidi kwa baadhi ya kazi za uangalizi wa wazee na wagonjwa, ambazo watu wetu wengi wanazifanya. Wenza wa raia waliahidiwa kubaki kwenye 5. Soma tovuti ya serikali, gov.uk, siku unayopanga na tena siku unayotuma. Mkanda wa video wa mtu wa mwaka juzi usiutegemee.

Kabla ya kulipa: nyumbani kwenu wanasemaje?

Hili wengi wanaliuliza wakishaapa, na hapo ni kuchelewa. Uingereza haina neno ukibaki na uraia wako wa kwanza. Kinachoamua ni sheria ya kwenu.

Mkenya wa kuzaliwa yuko salama tangu Katiba ya 2010: hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Aliyekuwa ameupoteza kabla ya hapo anaweza kuuomba tena. Uganda inaruhusu tangu 2009, kwa utaratibu wa kuomba. Congo ya Kinshasa, katiba yao inasema uraia ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Tanzania, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania.

Nyumbani kwangu jambo hili si la nadharia. Mume wangu ni mtu wa Tanga, na kwao Muheza kuna shamba la michungwa aliloachiwa na baba yake. Ardhi Tanzania asiyekuwa raia hamiliki kama raia anavyomiliki. Tulikaa tukalizungumza mwaka mzima, na akaamua kubaki na makazi yake ya kudumu na pasipoti yake ya Tanzania. Bunge la Tanzania limepitisha utaratibu wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya nchi hiyo waliochukua uraia wa kwingine, nasi tunaufuatilia kwa karibu, lakini hadhi maalumu si uraia, na yeye hataki kukisia kuhusu kaburi la baba yake.

Anapungukiwa nini? Si kura: Tanzania, Kenya na Uganda ziko katika Jumuiya ya Madola, na mwananchi wa nchi hizo anayeishi hapa kihalali anapiga kura katika uchaguzi wa bunge na wa halmashauri bila kuwa raia. Mume wangu hakosi. Anachobeba yeye ni kwamba makazi ya kudumu hufa ukikaa nje ya nchi miaka 2 mfululizo, na kwamba kila sheria mpya inaanza kwa watu wa daraja lake. Waliokuja kutoka Karibea wakiwa watoto, wakaishi hapa kihalali miaka 50, baadhi yao walinyimwa matibabu na wengine kufukuzwa nchini kwa kukosa karatasi tu. Nchi nzima ililijua hilo mwaka 2018. Baada ya kuyaona hayo, mimi mwenyewe nilitaka uraia. Lakini siwezi kumwambia mtu mwenye shamba Muheza kwamba amekosea.

Kiingereza na mtihani

Ukiwa na umri kati ya miaka 18 na 64 utathibitisha mambo mawili. La kwanza ni Kiingereza cha kusema na kusikiliza, ngazi ya B1. Msijidanganye kwamba kusoma shule kwa Kiingereza kunatosha. Ipo orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi, na Kenya, Uganda na Tanzania hazimo. Shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza inakubalika. Ya nje ya Uingereza inahitaji hati ya Ecctis ya kuilinganisha na ya hapa. Usipokuwa nayo, fanya mtihani wa B1 katika kituo kilichoidhinishwa. Kama ulishatumia B1 kuombea makazi ya kudumu, cheti kile kinakubalika tena hata kama muda wake umekwisha. Usilipie mara mbili.

La pili ni mtihani wa Life in the UK: maswali 24, dakika 45, ada pauni 50, na unafaulu ukipata 18. Ukishindwa unarudia baada ya siku 7, kwa ada mpya. Maswali yote yanatoka katika kitabu kimoja rasmi, na maktaba nyingi za mtaa zinacho. Niliowaona wakishindwa ni wale waliokariri maswali ya mazoezi kwenye simu bila kugusa kitabu. Anza na sura ndefu ya historia, kwa sababu ndiyo yenye tarehe na majina mengi: vita vya Hastings 1066, Magna Carta 1215, wake sita wa Henry VIII kwa mpangilio wao. Soma kwa sauti, kwa hadithi, kama bibi alivyokusimulia ya Fumo Liyongo, na majina yatashika. Mama mmoja wa Bujumbura niliyekuwa nikisoma naye Jumamosi alikuwa hajamaliza shule ya msingi. Tulizigawa kurasa tukazisoma pole pole, yeye akinirudishia kila aya kwa Kiswahili. Alifaulu mara ya kwanza, na hadi leo ndiye anayenisahihisha kuhusu wafalme wa ukoo wa Tudor.

Tabia njema na wadhamini wawili

Tabia njema si maneno ya mapambo. Wanaangalia makosa ya jinai ya nchi yoyote, historia yako ya viza, kodi ya mapato na hata kodi ya halmashauri. Unayesuka nywele sebuleni, unayepika pilau za harusi wikendi, unayeendesha teksi usiku: kama mapato hayo yalistahili kutangazwa HMRC, mamlaka ya kodi, yawe yametangazwa kabla hujatuma ombi. Faini ya barabarani iliyokwisha kulipwa kwa kawaida haimwangushi mtu. Kuificha kunaweza, maana udanganyifu wanauchukulia kwa uzito kuliko kosa lenyewe.

Tangu tarehe 10 Februari 2025 kuna sera ngumu: anayetuma ombi akiwa aliwahi kuingia nchini kinyume cha sheria kwa kawaida atakataliwa, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Kama hadithi yako ina boti au lori ndani yake, usitume peke yako. Nenda kwa mwanasheria kwanza.

Wadhamini ni wawili, wawe wamekujua kwa angalau miaka 3. Mmoja awe mtu wa taaluma, wa uraia wowote: mwalimu, mhasibu, muuguzi, kiongozi wa dini. Wa pili awe na pasipoti ya Uingereza, na awe mtu wa taaluma au mwenye zaidi ya miaka 25. Wasiwe ndugu zako, wasiwe ndugu wao kwa wao, na asiwe mwanasheria anayekushughulikia ombi. Wakabidhi fomu yao mapema, kwa heshima, na uwaeleze kwamba wanaweza kupigiwa simu.

Kutuma na kungoja

Tangu Aprili 2025 ada ya tajnisi ilikuwa pauni 1,605, na pauni 130 za sherehe juu yake. Ada hizi hupanda karibu kila Aprili, basi angalia upya. Ukikataliwa, unarudishiwa za sherehe tu, kubwa inakwenda. Ndiyo maana ninasisitiza daftari kuliko fomu.

Ombi linatumwa mtandaoni. Utapanga miadi ya kutoa alama za vidole na kupigwa picha, na nyaraka utazipakia mwenyewe kabla ya siku hiyo. Majibu kwa kawaida huja ndani ya miezi 6. Unaweza kusafiri ukingoja. Ukihama nyumba, waarifu.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: jina. Watu wetu tuna majina matatu, na nyaraka zetu zinayachanganya; pasipoti ya Kenya inasema hivi, barua ya kazi vile. Ofisi ya pasipoti ya Uingereza inataka pasipoti zako zote ziwe na jina moja, na isipokuwa hivyo haitakupa yao. Rekebisha ile ya nyumbani kabla ya kuomba uraia, maana ubalozini mambo hayaendi haraka.

Kiapo, na miezi mitatu inayofuata

Ukikubaliwa utaitwa kwenye sherehe, na una miezi 3 ya kuihudhuria. Mpaka uape, wewe si raia. Wengine husherehekea barua wakadhani imekwisha. Utachagua mapema kati ya kiapo kinachomtaja Mungu na tamko lisilomtaja, vyote vya utii kwa Mfalme Charles III, kisha wote mnatoa ahadi ya kuheshimu haki na demokrasia ya nchi. Siku yangu nilikaa kati ya fundi bomba Mpolandi na msichana wa Eritrea aliyeshikilia karatasi ya maneno kwa mikono miwili, na wa Eritrea ndiye aliyesoma kwa sauti kubwa kutushinda sote. Kisha unapewa cheti. Angalia herufi za jina na tarehe ya kuzaliwa ukiwa bado ukumbini.

Kuanzia hapo makazi yako ya kudumu yamekoma, kwa hiyo usikate tiketi ya kesho yake. Omba pasipoti kwanza. Mtu mzima anayeomba ya kwanza anaweza kuitwa kwenye mahojiano, na cheti chako halisi utakituma pamoja na pasipoti yako ya nyumbani. Piga picha za vyote kabla ya kuvitia kwenye bahasha, na utume kwa njia ya kusainiwa.

Mtoto utakayemzaa nje ya Uingereza baada ya hapo atakuwa raia kwa kurithi kutoka kwako. Yule uliyemzaa Malindi au Bukoba kabla ya kiapo hakurithi kitu, na ombi lake linasimama peke yake.

Kwa Mkenya kuna hatua moja zaidi, na wengi niliokutana nao hawakuwahi kuisikia: sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inakutaka utangaze uraia wako wa pili kwa serikali ya Kenya ndani ya miezi 3. Kutotangaza ni kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3. Ombi la kutangaza linapitia idara ya uhamiaji, mtandaoni. Lifanye wiki ile unayongoja pasipoti, picha ya cheti ikiwa kwenye simu.